Tiba iliyougua ugonjwa uleule: kisa cha RKV

Tarehe 21 Agosti 2019 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kuvunja mkataba wa kutengeneza chombo cha kudungulia makombora ya adui, kilichojulikana kwa herufi tatu tu, RKV. Kazi ilikuwa imesimama tangu Mei mwaka huo. Dola bilioni 1.2 hivi zilikuwa zimeshateketea, na hakuna RKV hata moja iliyokuwa imepaa. Si kwamba ilijaribiwa ikashindwa. Haikufika hata kwenye jaribio.

Miradi ya kijeshi hufa kila mwaka, na kwa Pentagon bilioni 1.2 si fedha ya kumkosesha mtu usingizi. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu nyingine. RKV haikubuniwa kama silaha mpya ya kutambia. Ilibuniwa mwaka 2014 kama tiba, ije kuchukua nafasi ya chombo kilichotangulia, ambacho kiliundwa kwa pupa, kikawekwa kazini kabla ya kujaribiwa, kisha kikaanza kufeli mbele ya macho ya watu. Kila aliyehusika aliujua ugonjwa. Ulikuwa umeandikwa na kurudiwa katika ripoti za wakaguzi wa serikali, ripoti ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Halafu tiba nayo ikaugua vilevile.

Kwa hiyo sina haja ya kuuliza kwa nini wakaguzi hawakuona, maana waliona. Ninachouliza ni kuona kwao kulizuia nini.

Kichombo cha kilo 64

Mfumo ambao RKV ilikusudiwa kuwa sehemu yake unaitwa GMD. Kazi yake ni kuilinda ardhi ya Marekani dhidi ya makombora machache ya masafa marefu, yale ya kuvuka kutoka bara hadi bara, hasa ya Korea Kaskazini. Nasema machache kwa makusudi, kwa sababu haukujengwa kuzuia mvua ya makombora ya Urusi au China. Tangu mwisho wa 2017 makombora ya kudungulia yamekuwa 44, yamesimamishwa wima ndani ya mashimo: 40 yako Fort Greely, Alaska, na manne yako Vandenberg, California.

Kombora la adui likipaa, setilaiti na rada hulifuatilia, kompyuta hukokotoa njia yake, na kombora la kudungulia hurushwa likakutane nalo nje ya angahewa. Huko juu roketi huachia kichombo chenye urefu wa mita moja na nusu hivi na uzito wa kilo 64 hivi. Hakina baruti wala mlipuko wowote. Kina darubini inayohisi joto, kompyuta, na vijiinjini vya kukisukuma huku na huku, na kazi yake ni moja: kujibamiza kwenye kichwa cha kombora la adui, vyote viwili vikiwa katika mwendo wa kilomita kadhaa kwa sekunde. Kikipishana nacho kwa mita chache tu, kazi yote imekuwa bure. Toleo la kwanza la kichombo hicho ni EKV. Linaundwa na kampuni ya Raytheon, chini ya Boeing ambaye alikuwa mkandarasi mkuu wa mfumo mzima.

Ina maana ubora wa GMD yote unaishia kwenye ubora wa kichombo hicho. Rada inaweza kuwa nzuri kuliko zote duniani na askari wa zamu akawa macho usiku kucha, lakini waya mmoja ukisahaulika kule ndani, mmebaki na fataki ya dola milioni 75. Na waya ulisahaulika kweli. Nitafika huko.

Waraka wa Januari 2002

Silaha nyingi za Marekani hupita kwenye milango. Kwanza jeshi lieleze linahitaji nini, kisha teknolojia ithibitishwe, kisha usanifu ukamilike, kisha majaribio, halafu ndipo uamuzi wa kuzalisha kwa wingi. Kwenye kila mlango kuna mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana. Utaratibu huu ni mzito na wa kuchosha, na hata wanaoutetea hawaupendi.

Tarehe 2 Januari 2002 Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa wakati ule, alitoa waraka ulioipa taasisi mpya ya kinga ya makombora, Missile Defense Agency, ruhusa ya kupita pembeni ya milango hiyo. Tuiite Wakala. Wakala ungejipangia njia yake: upeleke kazini kile kilichopo, uendelee kukiboresha kadiri siku zinavyokwenda. Juni mwaka huohuo Marekani ilijitoa rasmi kwenye mkataba wa 1972 uliozuia kinga za namna hii. Desemba, Rais George W. Bush akatangaza kwamba mfumo uanze kazi mwaka 2004.

Sitaki kuwafanya watu wale waonekane wapumbavu. Agosti 1998 Korea Kaskazini ilirusha roketi iliyopita juu ya Japani, na mwaka uliofuata Rais Clinton, wa chama kingine kabisa, alitia saini sheria iliyosema kinga ya taifa ijengwe mara tu teknolojia itakaporuhusu. Kisha likaja shambulio la Septemba 2001. Hoja ya kwamba kinga nusu ni afadhali kuliko kutokuwa na kinga ilikuwa na uzito wake, na bado inao.

Lakini angalia kilichofuata. Kombora la kwanza lilishushwa shimoni Fort Greely Julai 2004. Desemba mwaka huo kulikuwa na jaribio, na kombora halikutoka shimoni, kompyuta ilijizima kabla ya kurusha. Februari 2005 likarudiwa, na kombora halikutoka tena, safari hii kwa sababu ya mkono wa chuma wa hukohuko shimoni uliotakiwa kurudi nyuma ukagoma. Jirani yako akikwambia amenunua mlinzi wa usiku, halafu mlinzi mwenyewe mara mbili mfululizo ameshindwa kufungua mlango wa kibanda chake, utamuuliza alimlipa kwanza au alimjaribu kwanza.

Miaka sita ya CE-II

Toleo la kwanza la EKV lilibatizwa CE-I. La pili, CE-II, lilikuwa na vipuri vipya mahali pa vile vilivyokwisha kupitwa na wakati, na lilianza kuwekwa mashimoni mwaka 2008. Jaribio lake la kwanza la kugonga lilifanyika 31 Januari 2010. Angalia mpangilio wa tarehe hizo: shimoni kwanza, jaribio baadaye.

Jaribio lilifeli. Rada kubwa ya baharini haikufanya kazi ilivyotarajiwa, na ndani ya kichombo kijiinjini kimoja kilileta hitilafu kwa sababu kiwandani mtu hakukifunga kijiwaya cha kukizuia kisilegee. Hiyo si kasoro ya sayansi ya anga. Ni kazi ya fundi na mkaguzi wa ubora kwenye meza ya kuunganishia.

Likarudiwa 15 Desemba 2010, likafeli tena. Sasa kosa lilikuwa la kisanifu: mtikisiko wa injini ulikivuruga kifaa kinachokipa kichombo taarifa ya mwendo na mwelekeo wake, kwa hiyo dakika ya mwisho kikawa hakijui kiko wapi. Wakala ukasitisha kupokea CE-II mpya, wahandisi wakarudi mezani. Julai 2013 lilijaribiwa lile toleo la zamani, CE-I, ambalo lilikuwa likihesabiwa kama lililothibitika. Nalo likafeli, kichombo hakikujitenga na roketi. CE-II iligonga shabaha kwa mara ya kwanza tarehe 22 Juni 2014.

Kutoka 2008 hadi katikati ya 2014 ni karibu miaka sita. Muda wote huo makombora yenye CE-II yalikuwa mashimoni, yanahesabiwa kwenye idadi ambayo marais na majenerali waliitaja mbele ya taifa, na hapakuwa na ushahidi hata mmoja kwamba yanaweza kugonga kitu. Kiswahili kina usemi wake kwa biashara ya namna hii: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni kwamba hapa mnunuzi alilishona gunia mwenyewe.

Bili nayo ikaja. Aprili 2012 wakaguzi waliandika kwamba gharama ya majaribio ya kuthibitisha CE-II, ambayo mwanzoni ilikadiriwa dola milioni 236, ilikuwa imefika karibu bilioni moja, mara nne zaidi. Na hapo jaribio la mafanikio lilikuwa bado miaka miwili mbele.

Septemba 2014 Mkaguzi Mkuu wa ndani wa Wizara ya Ulinzi alitoa ripoti yake kuhusu ubora wa EKV. Nimezisoma ripoti nyingi za aina hii, na hii ndiyo ninayowapendekezea watu wasiopenda ripoti. Ilikuta mambo 48 yasiyokwenda sawa, 15 kati yake makubwa. Ilieleza kwamba kichombo kimoja kina vipuri zaidi ya 1,800 vya aina tofauti, maelekezo ya kuunganisha kurasa 10,000, na hatua za kazi 130,000. Kisha ikasema jambo ambalo ndilo kiini cha kisa chote: kwa sababu ratiba na gharama zilitangulizwa, ulizuka utamaduni wa “itumike ilivyo”. Kipuri hakijafikia kiwango? Kirekebishwe? Hapana, muda hauruhusu. Kitumike kilivyo.

Miezi saba kabla ya ripoti hiyo Frank Kendall, mkuu wa manunuzi wa Pentagon, alikuwa amekwisha kukiri hadharani kwamba kushindwa kule kulitokana na uhandisi mbovu, na kwamba ubovu ulitokana na haraka. Maneno ya mpinzani tungeyapokea kwa tahadhari. Haya ni ya mtu aliyekuwa akisaini hundi.

Mkaguzi ana kalamu, hana breki

Waliokuwa wakiandika muda wote huo ni GAO, ofisi ya ukaguzi na uwajibikaji iliyoundwa mwaka 1921, inayofanya kazi kwa niaba ya Bunge la Marekani. Msomaji wa Tanzania anaweza kuiwazia kama ofisi ya CAG, lakini si kwa upande wa hati safi na hati chafu. Kilicho karibu zaidi ni ule ukaguzi wa ufanisi: fedha ilitolewa ili ifanye jambo fulani, je, jambo limefanyika, kwa bei gani, na lini? Kwetu ripoti hupitia kwa Rais kabla ya kufika bungeni na kuingia mikononi mwa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali. Kwao inakwenda Bunge moja kwa moja. Tangu miaka ya mwanzo ya Wakala sheria imeitaka GAO iuchunguze kila mwaka, na sababu inaeleweka: waliruhusu mtoto atoke bila kuaga, basi angalau awepo wa kumchungulia dirishani.

Ripoti hizo za kila mwaka zinautaja ugonjwa mmoja na kuurudia mpaka msomaji anachoka, nao ni mwingiliano wa hatua: kubuni, kujaribu na kuzalisha vyote kwa wakati mmoja. Ni kama fundi anayeezeka paa huku mwenzake bado anachimba msingi upande wa pili. Si lazima nyumba ianguke. Ila msingi ukikuta mwamba, itabidi ubomoe na paa, na gharama ya kubomoa haikuwa kwenye makadirio. CE-II ndiyo paa lile. Kasoro iligunduliwa kwenye jaribio, wakati vyombo vyenye kasoro hiyohiyo vimekwisha kununuliwa na kushushwa Alaska, na ilibidi virekebishwe kimoja kimoja.

Mwishoni mwa kila ripoti ya GAO huwekwa majibu ya wizara husika, pendekezo kwa pendekezo. Wizara huafiki, au huafiki kwa sehemu, au haiafiki. Ukizisoma ripoti za kinga ya makombora kwa kuzifuatanisha unakutana na “tunaafiki” nyingi sana. Kuafiki hakugharimu kitu. Ripoti haiwezi kuzuia malipo, haiwezi kufunga kiwanda, haiwezi kumwondoa mtu kazini. Inachoweza ni kumnyima mtu kisingizio cha kusema hakujua.

RKV: mpango mzuri

Mwaka 2014, baada ya aibu zote hizo, Wakala uliamua kuachana na viraka na kusanifu kichombo kipya. Mpango wa awali wa RKV ulikuwa mzuri, na nausifia bila kejeli. Badala ya vipuri 1,800 vilivyobanana kama dagaa kwenye debe, kingekuwa na sehemu zinazochomoleka, kila moja ijaribiwe peke yake, ikiharibika itolewe iwekwe nyingine. Kingekuwa rahisi kuunda, rahisi kupima na nafuu zaidi. Boeing, Lockheed Martin na Raytheon wangechangia mawazo yao bora, Raytheon aongoze usanifu. Vya kwanza viwe kazini mwaka 2020. Ni kama mtu aliyekaa na ripoti ya “itumike ilivyo” mkono wa kulia na karatasi ya michoro mkono wa kushoto.

Ili kuokoa muda waliamua kuchukua baadhi ya vipuri kutoka kombora jingine, SM-3 Block IIA, linalorushwa kutoka melini, pamoja na vipuri vya kawaida vya sokoni. Kwa masikio ya mhasibu hilo linapendeza: kwa nini ubuni upya kitu ambacho kipo? Ila kombora la melini lilibuniwa kwa ajili ya shabaha nyingine na mazingira mengine. Kipuri kilichofuzu kule hakijafuzu hapa mpaka kipimwe hapa.

Kisha ukaja mwaka 2017. Tarehe 4 Julai Korea Kaskazini ilijaribu kombora lake la kwanza la kuvuka mabara, likafuata la pili mwezi huohuo, na mwishoni mwa Novemba likaja kubwa zaidi, Hwasong-15. Washington ikashikwa na homa. Serikali ya Trump ikaomba nyongeza ya dola bilioni 4 hivi kwa kinga ya makombora, na ndani yake ulikuwemo mpango wa kuongeza makombora 20 Fort Greely ili yafike 64. Hayo 20 yangevikwa RKV. Chombo ambacho usanifu wake ulikuwa haujakamilika kilikuwa kimekwisha kupangiwa mashimo.

Hapo ndipo tiba ilipoambukizwa. Ili kuwahi, Wakala ulipanga kusanifu na kuzalisha kwa mpigo, na ukapunguza idadi ya mapitio na majaribio yaliyokuwa ya lazima. GAO iliandika hivyo bila kupepesa: mradi ulibeba hatari kubwa mno. Ukilinganisha mwenendo huo na ule wa CE-II, utadhani mtu ametoa nakala akabadilisha herufi tu.

Sasa vipuri vya kuazima vikaanza kukataa kufikia viwango. Desemba 2018 kazi ya usanifu ikaahirishwa. Machi 2019, wakati bajeti inasomwa, dunia ikaambiwa kuna ucheleweshaji wa miaka miwili. Mei kazi ikasimamishwa. Juni ikatoka ripoti ya mwaka ya GAO: gharama zimepanda kwa karibu dola milioni 600, ratiba imeteleza zaidi ya miaka miwili. Agosti ukaja uamuzi wa mwisho, wenye maelezo kwamba matatizo ya kisanifu yalikuwa makubwa kiasi cha ama kutotatulika au kugharimu kupita kiasi kuyatatua.

Nani alivuta breki

Aliyesimamisha RKV hakuwa GAO, wala Bunge. Alikuwa Michael Griffin, naibu waziri wa ulinzi aliyesimamia utafiti na uhandisi, yeye mwenyewe mhandisi na mkuu wa zamani wa NASA. Mtu wa ndani, mwenye mamlaka ya kusaini, aliyeangalia michoro akasema basi. Heshima yake ipewe. Lakini tujiulize, mfumo wa usimamizi unaotegemea bahati ya kumpata Griffin ni usimamizi wa aina gani? Ile milango iliyorukwa mwaka 2002 ilikusudiwa kuhakikisha kwamba “basi” inatamkwa mapema, na yeyote anayekalia kiti, awe hodari au wa kawaida.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki humalizia lawama kwa Wakala na wakandarasi. Mimi nadhani wanalisamehe Bunge bure. Bunge la Marekani ndilo lililoitaka GAO ikague, na Bunge hilohilo ndilo lililokuwa likisukuma kasi. Mwaka 2013, wakati wabunge kadhaa wakishinikiza lijengwe eneo la tatu la makombora upande wa mashariki ya nchi, mkuu wa Wakala, James Syring, aliandika barua kwamba hapakuwa na hitaji la kijeshi lililothibitishwa la eneo hilo. Shinikizo halikukoma. Mwaka 2017 fedha za yale makombora 20 zilipata njia kirahisi. Boeing inaendesha kazi hii kutoka Huntsville, Alabama, kiwanda cha Raytheon kiko Tucson, Arizona, mashimo yako Alaska. Kila mahali hapo pana seneta, na kila seneta ana wapigakura wenye ajira. Mbunge anayesoma ripoti ya GAO asubuhi na kupigia kura nyongeza jioni haoni kama anajipinga. Asubuhi alikuwa msimamizi, jioni ni mwakilishi wa jimbo.

Kuna kiungo kingine dhaifu, nacho ni majaribio yenyewe. Ni ghali mno. Lile la 30 Mei 2017, la kwanza dhidi ya shabaha yenye sifa za kombora la kuvuka mabara, liligharimu dola milioni 244. Lilifaulu, na la Machi 2019 ambapo makombora mawili yalirushwa kwa shabaha moja lilifaulu pia. Lakini ukiyajumlisha majaribio yote ya kugonga tangu 1999, yaliyofaulu ni zaidi ya nusu kidogo tu, tena katika majaribio ambayo wahusika wanajua yatafanyika lini. Bei hiyo inaufanya Wakala ujaribu mara chache, na hata yale machache hayafanyiki kwa wakati. Ripoti ya GAO ya 2020 ilinukuu tathmini huru iliyoonyesha kwamba kwa muongo mzima ni asilimia 37 tu ya majaribio yaliyopangwa kwa mwaka husika yaliyofanyika kama yalivyopangwa. Shabaha hazikuwa tayari, uwanja wa majaribio haukupatikana, chombo kilichelewa, malengo yalibadilika. Uzalishaji, kinyume chake, haukuwa na kawaida ya kuwasubiri.

Upande wa hesabu nao una shimo lake. Februari 2022 GAO ilieleza kwamba makadirio ya gharama za miradi ya Wakala yalikuwa yakiacha nje gharama za uendeshaji na matunzo zinazobebwa na majeshi, na kwamba hata gharama za majaribio hazikuwa zikiripotiwa kikamilifu. Ni kama kununua daladala ukapiga hesabu ya gari peke yake, ukasahau dereva, matairi na mafuta kwa miaka ishirini. Kwa silaha, matumizi hayo ya baadaye mara nyingi ndiyo makubwa. Mbunge akiuliza mfumo huu utatugharimu kiasi gani mpaka mwisho wake, anapewa jibu la sehemu.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

RKV haikufa bure kabisa. Machi 2020 wizara ilikaza kanuni za Wakala: maamuzi makubwa yapande ngazi za juu zaidi, na makadirio ya gharama yafanywe pia na ofisi huru ya wizara, si mwenye mradi peke yake. Milango ya 2002 haikurudishwa yote, lakini michache ilipata bawaba. Tunda lake la kwanza lilionekana haraka. Kombora jipya la kuchukua nafasi ya yote haya, NGI, lilipewa kampuni mbili zishindane, timu ya Northrop Grumman na Raytheon, na Lockheed Martin, kuanzia Machi 2021. Mwezi uliofuata makadirio huru yakatoka: dola bilioni 17.7 kwa makombora 31, kati ya hayo 10 ya majaribio. Ukigawanya unapata zaidi ya nusu bilioni kwa kila kombora. Takwimu hiyo ilichoma, na ndiyo faida ya makadirio huru. Safari hii bei ilijulikana kabla ya bidhaa kuwekwa kwenye gunia.

Kwa upande mwingine, yale makombora 20 ya nyongeza yalikwisha kuchimbiwa mashimo Fort Greely, uwanja mzima mpya. Vichombo vya RKV vilivyotakiwa kuja vilifutwa Agosti 2019, lakini ujenzi uliendelea, maana NGI nayo itahitaji mahali pa kukaa.

NGI ya kwanza iliahidiwa kwa mwishoni mwa 2028. Aprili 2024 Wakala ulimchagua Lockheed Martin na kumaliza ushindani, mapema kuliko ratiba yake wenyewe ilivyosema, kabla ya usanifu wa kina wa mshindani yeyote kukamilika na kabla ya kombora lolote la NGI kurushwa. Wakala ulilitaja hilo kama mafanikio ya kuwahi.